Rais Anayeshika Rimoti

Oktoba 2, 2024, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilisitisha kwa siku 30 leseni za maudhui ya mtandaoni za Mwananchi Communications, ikidai umoja na amani ya nchi viko hatarini. Chanzo kilikuwa video fupi ya katuni ya gazeti lao la The Citizen. Mwanamke anayefanana na Rais Samia anatazama televisheni, na kila akibadili chaneli anamkuta mtu analilia ndugu yake aliyepotea au kuuawa. Wiki chache kabla, kada wa chama cha upinzani cha Chadema, Ali Kibao, alikuwa ameshushwa kwenye basi Tegeta, Dar es Salaam, mwili wake ukaokotwa Ununio.

Kampuni iliiondoa video ikisema imeeleweka vibaya. Mimi naona katuni chache zimewahi kumheshimu mwanamke mtawala kiasi kile. Hakuchorewa nyonga, wala mume wa kumwelekeza. Aliulizwa swali analoulizwa mtawala yeyote: haya unayaona, unafanyaje?

Linganisha na katuni iliyofanya mchoraji Optatus Fwema akamatwe Septemba 2021. Humo Samia ni mtoto mbele ya rais mstaafu Jakaya Kikwete. Kumkamata mchoraji kwa hilo ni aibu, nalisema bila kigugumizi. Ila hoja ya katuni yake ilikuwa nyepesi: mwanamke akishika dola, tunamtafuta mwanamume aliye nyuma yake.

Kikwete mwenyewe alipochorwa na mchora katuni Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, kwenye gazeti la The EastAfrican, alionekana akistarehe katikati ya wanawake, kila mmoja akiwakilisha uovu fulani. Januari 2015 gazeti likazuiwa nchini, rasmi kwa kutosajiliwa. Kelele zote zilikuwa juu ya heshima ya Rais. Kwa nini ufisadi uvae mwili wa mwanamke? Hilo halikusumbua wengi.

Na lingesumbua vipi? Tumelelewa na jarida la katuni la Sani, tukiazimana hadi kurasa zinachanika, Dar es Salaam nzima, Temeke kama Kinondoni. Lodi Lofa, Ndumilakuwili, Madenge: wenye visa vyao ni wanaume, na mwanamke mara nyingi anapita kama umbo la kukodolewa macho.

Sijasikia leseni iliyositishwa kwa ajili ya umbo hilo. Mchoraji chipukizi wa Mbagala, mwenye simu na bando la wiki, anajua vizuri ni mchoro upi utamletea wafuasi na upi utamletea polisi.