Mcheza Kwao Hutunzwa, Lakini Kwao Ni Wapi?

Kuna hoja inayorudiwa kila wanapotajwa watoto wa Palma na Mocímboa da Praia: vita imewaumiza vya kutosha, kwa hiyo anayetaka kuwajengea bembea za mbao msituni aachwe ajenge, asisumbuliwe na vibali. Hoja hii ina huruma, lakini ni potofu. Msitu wa kijiji si uwanja mtupu, na huruma haimpi mtu mamlaka ya kuchimba mashimo katika ardhi ya wenzake.

Tuanze na sheria. Sheria ya Ardhi ya Msumbiji, namba 19 ya mwaka 1997, inasema ardhi ni mali ya dola. Haiuzwi wala haiwekwi rehani. Sheria hiyohiyo inatambua haki ya jamii zinazoikalia kwa desturi zao, na inataka ziulizwe kabla mgeni hajapewa haki ya kuitumia, ile iitwayo DUAT. Nayo Sheria ya Misitu ya mwaka 1999 ilitambua sehemu za msitu zenye thamani ya kidini na kihistoria kwa wenyeji. Mti unaofaa kufungiwa kamba ya bembea huenda ndipo wazee wanapofanyia tambiko. Fundi aliyetoka mbali atajuaje asipouliza?

Watasema kuuliza kunachelewesha. Nawajibu kwa mfano wa Afungi. Mwaka 2012, hekta zipatazo 7,000 katika rasi hiyo ya wilaya ya Palma zilitolewa kwa ajili ya mradi wa gesi. Baadaye watu wa Quitupo wakahamishiwa kijiji kipya cha Quitunda, na namna walivyoshauriwa ikalalamikiwa sana. Hapo tulijifunza kwamba kuulizwa juu juu hakutofautiani sana na kutoulizwa. Sasa, ikiwa jambo dogo halihitaji ridhaa, na jambo kubwa haliwezi kusubiri ridhaa, ridhaa itaombwa lini?

Sisemi watoto wasubiri miaka. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Msumbiji iliuridhia mwaka 1994, unautaja mchezo kuwa haki katika ibara ya 31. Lakini ibara ya 12 ya mkataba huohuo inampa mtoto haki ya kusikilizwa. Basi kikao kiitishwe upesi, hadharani, na watoto wawepo. Waulizwe wanacheza wapi sasa. Mama zao waulizwe njia za kuni na maji. Wazee waonyeshe pasipoguswa. Kisha iandikwe: mti upi usikatwe, nani atakaza kamba zikilegea, nani ataondoa ubao ukioza. Kibali cha namna hii ni kazi ya siku chache.

Na mafundi watoke papo hapo. Pwani hii ina waunda majahazi wanaojua ubao upi unavumilia jua na chumvi, na uchongaji wa Wamakonde unajulikana duniani. Bembea ya fundi wa kijiji ikivunjika itatengenezwa. Iliyoletwa na lori ikivunjika itaishia kuwa kuni.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mtoto aliyehamishwa Quitupo, au aliyeikimbia Palma iliposhambuliwa Machi 2021, amekwisha kung'olewa kwao mara moja. Tukimjengea bembea bila kumuuliza, tunamfundisha kwamba hata mahali pa kuchezea ni pa wengine. Wanafunzi wenzangu, tunasoma lugha inayosikika pwani hiyo pamoja na Kimwani na Kimakonde. Kikao hicho kikifanyika kwa Kireno cha karatasi peke yake, wenye msitu watatia vidole gumba wasichokielewa. Tukitaka Kiswahili chetu kiwe na kazi nje ya chumba cha mtihani, kazi ndiyo hiyo.