Uchambuzi: Kadi ya dhamana Nakasero, na swali la nani hasa mdhamini

Katika maduka ya vyombo vya umeme yaliyo jirani na Soko la Nakasero, hadi Barabara ya Kampala, mnunuzi wa jokofu au televisheni huondoka aghalabu na karatasi mbili. Moja ni kadi ya dhamana, inayoahidi mwaka mmoja au miwili ya matengenezo. Ya pili ni risiti, na chini yake mara nyingi pamechapwa kwa Kiingereza onyo kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Karatasi hizo zinapingana, ingawa zimetoka katika mkono mmoja, na mnunuzi huzikunja pamoja na kuzitia mfukoni bila kujua ipi itatawala siku chombo kitakapozima.

Kiswahili chenyewe kinatoa kipimo cha kuanzia. Neno dhamana halikuanzia dukani. Mahakamani, anayemdhamini mshitakiwa hutaja jina na makazi yake, na hukubali kupoteza fedha au mali iwapo mwenziwe atatoroka. Asiyekuwa na cha kupoteza hakubaliwi kuwa mdhamini. Kipimo hicho kikihamishiwa dukani, urefu wa muda ulioandikwa kwenye kadi huacha kuwa jambo la kwanza. La kwanza ni hili: jokofu likifa mwezi wa nne, nani atakayepata hasara zaidi ya mnunuzi?

Wanauchumi wamelitazama jambo hili kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1970 Mmarekani George Akerlof, ambaye mwaka 2001 alikuwa miongoni mwa waliotunukiwa Nobeli ya uchumi, alieleza kwamba pale muuzaji anapokijua kitu na mnunuzi hakijui, bidhaa mbovu huweza kuifukuza nzuri sokoni. Dhamana ni mojawapo ya dawa alizozitaja, kwa kuwa humrudishia muuzaji mzigo wa ubovu. Kampuni ya magari ya Hyundai ilitoa mfano mwaka 1998. Ikiwa na sifa mbaya nchini Marekani, ilitangaza dhamana ya miaka 10 au maili 100,000 kwa injini na mfumo wa kuendeshea gari. Wanunuzi waliisadiki kwa sababu iliyo wazi: kama magari yangeendelea kuharibika, gharama ingeiumiza Hyundai yenyewe.

Huko Nakasero hali ni nyingine. Anayeuza si aliyetengeneza, na mara nyingi si hata aliyeagiza kutoka Guangzhou au Dubai. Chumba chake ni cha kupanga, ndani ya mojawapo ya majengo ya maduka ambayo wakazi wa Kampala huyaita akedi, na mwakani huenda chumba hicho kikawa cha muuza viatu. Kuchapa kadi, kwa upande mwingine, ni kazi rahisi: Mtaa wa Nasser, wenye mitambo ya uchapaji kila mlango, hauko mbali. Kadi isiyo na anwani ya karakana, wala jina la mwagizaji, wala namba ya chombo iliyojazwa mbele ya mnunuzi, ni pambo la boksi tu.

Hata kadi ya kweli huweza kuwa na tundu, na tundu lenyewe limo katika orodha ya yasiyohusika. Kubwa kuliko yote jijini Kampala ni umeme. Kadi nyingi huondoa madhara yatokanayo na umeme kupanda na kushuka, ilhali hiyo ni miongoni mwa sababu zinazoviua vyombo hivi majumbani. Tangu Aprili 1, 2025, usambazaji wa umeme ulirejea mikononi mwa shirika la serikali la UEDCL, baada ya mkataba wa miaka 20 wa kampuni ya Umeme kumalizika. Lakini kubadilika kwa msambazaji hakubadilishi herufi ndogo zilizoko nyuma ya kadi. Dhamana inayokiondoa kisa kinachotokea zaidi inafanana na mwavuli unaokubali kufunguliwa wakati wa kiangazi pekee. Mnunuzi makini huuliza kabla ya kulipa: nikitumia stebilaiza, je, nitalindwa? Na jibu liandikwe kwenye risiti, si kutamkwa tu.

Baada ya hapo lipo suala la fundi na vipuri, nalo ndilo linalotenganisha ahadi na utekelezaji. Simu za Tecno, Infinix na itel, zote za kampuni ya Transsion ya China, zimejengewa mtandao wao wa huduma uitwao Carlcare, wenye kituo hata jijini Kampala. Uwepo wa mlango unaojulikana, wenye fundi na vipuri, unaweza kuwa na uzito kuliko mwaka mmoja wa ziada kwenye karatasi. Hata hivyo umbali una bei yake. Aliyeko Kasese ambaye simu yake inamuingizia riziki hawezi kuituma Kampala na kungoja wiki mbili. Ataipeleka kwa fundi wa mtaani, naye akishaifungua, dhamana imekufa. Kwa mnunuzi wa namna hiyo, kadi inayotaja siku za kungoja, na anayelipa nauli, ina manufaa kuliko inayotaja miaka.

Je, asiye na kadi hana haki? Anayo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017, iliyochukua nafasi ya ile ya enzi za ukoloni, huchukulia kwamba mfanyabiashara anapouza bidhaa za biashara yake, bidhaa hizo zina ubora unaostahili na zinafaa kwa kazi iliyokusudiwa, hata kama hakutamka neno. Na hapa pana kichekesho cha kisheria: katika mapokeo ya sheria za Kiingereza ambayo Uganda iliyarithi, kile kinachoitwa dhamana ni ahadi ya daraja la pili. Ikivunjwa, mnunuzi hudai fidia, lakini hapati haki ya kuirudisha bidhaa. Haki hiyo hutokana na sharti, ambalo ni zito zaidi. Kwa hiyo mwenye kushika kadi peke yake huenda ameshika kipande kidogo cha haki zake.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya jambo hili lilifungwa na agizo la mwaka 1999: muuzaji mwenyewe, si kiwanda cha mbali, huwajibika kwa miaka miwili kwa kasoro iliyokuwamo tangu siku ya kukabidhiwa. Kenya ina sheria yake ya kumlinda mlaji tangu 2012. Uganda bado hutegemea vipande vilivyotawanyika. Shirika la Viwango, UNBS, laweza kukamata bidhaa duni, lakini kukamatwa kwa shehena hakumrudishii mtu fedha zake. Njia iliyo karibu zaidi na mwananchi ni utaratibu wa madai madogo uliowekwa mwaka 2011: madai yasiyozidi shilingi milioni 10 husikilizwa bila mawakili, na mahakama ya Mengo ilikuwa miongoni mwa zilizoanza nao. Jokofu na televisheni nyingi za Nakasero ziko chini ya kiwango hicho. Risiti yenye jina la duka na tarehe ndiyo ushahidi wa mwanzo.

Biashara ya umeme wa jua imelijibu swali la mdhamini kwa namna ya pekee. Kampuni kama M-KOPA, iliyoingia Uganda mwaka 2013, ziliuza mitambo kwa malipo madogo madogo kupitia simu. Mteja ambaye taa haziwaki hana sababu ya kuendelea kulipa, hivyo kampuni hupata hasara pamoja naye. Kweli, kampuni nayo yaweza kuuzima mtambo kwa mbali asipolipa, na bei ya jumla hupita ile ya fedha taslimu. Ila kwa miezi ile ambayo deni bado lipo, mnunuzi ameshika kitu ambacho mwenzake wa fedha taslimu ameshakitoa mkononi.

Anayebaki nje ya yote haya ni mnunuzi wa kuvuka mpaka. Nakasero huuzia Beni na Butembo kama inavyouzia Juba, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Lakini kadi nyingi hutaja nchi moja tu, kwa Kiingereza au Kichina, na aliyekwishapita Mpondwe na mzigo wake hawezi kuwa Mengo kila kesi inapotajwa. Kwake yeye, lililo katika uwezo wake ni kuviwasha vyombo vyote dukani, kimoja baada ya kingine, na kumwandikisha muuzaji juu ya risiti namba ya kila chombo na jina la aliyekiagiza kabla ya mzigo kufungwa.