Gurudumu ikilalamika, usiifunge kinywa

Wandugu wachimbaji, na nyinyi wamama wenye kubaki nyumbani mukingojea simu, leo hatutasema juu ya shimo. Tutasema juu ya njia ya kwenda ku shimo.

Tarehe 11 septemba 2020, shimo za Detroit, kule Kamituga, ziliingia maji, watu karibu 50 wakafia ndani. Inchi yote ililia, wakubwa walifika, redio za inje zilisema. Ilikuwa haki. Lakini muchimbaji mwenye kuanguka na pikipiki kati ya Bukavu na Mwenga anaanguka peke yake. Jamaa lake tu njo linamulilia. Hana kontra, hakuna mutu anamulipia ku CNSS, na hakuna mwenye kuandika kama alikufa juu ya kazi. Na siye tunaendelea kupanda watatu juu ya Boxer moja ao TVS moja, pamoja na mufuko wa unga, nyundo na bido ya mazutu.

Shemeji yangu anakaa Panzi. Anaendesha pikipiki ya mutu, na kila mangaribi anapaswa kuleta versema. Amortisa ya mbele ilianza kutoa mafuta. Fundi alimuomba pesa hana. Basi akaifungua mwenyewe mu lupango, na jirani wawili na funguo za kuazima. Simulaumu. Siye ni watu wa kutengeneza kila kitu kwa mikono yetu. Alibadilisha joint, akatia mafuta, akafunga gurudumu usiku na mwangaza wa simu.

Asubui gurudumu ilikuwa nzito, inalia shrii shrii. Versema haingoje. Akalegeza kamba ya freni mupaka kelele ikaisha. Akasema: «Imenyamaza, twende.»

Ku muteremuko, kisha kupita Nyantende, alishika freni ya mbele. Gurudumu ikakwama mara moja, wote wakaruka. Mama aliyemubeba, mwenye kutwanga mawe, alivunjika mukono. Miezi miwili hakushika mutwangio. Batoto wake walikula kwa majirani.

Sababu? Kitu kidogo sana. Pikipiki zetu nyingi za mbele ziko na freni ya tambur. Ule mufuniko wa tambur uko na kipengele, na kipengele hicho kinapaswa kuingia ku jino la chuma lenye kuwa ku muguu wa amortisa. Jino njo linashika mufuniko usizunguke. Siku ile halikuingia. Aliposhika freni, mufuniko ulizunguka pamoja na gurudumu, ukavuta kamba, kamba ikafunga freni yote. Kelele ya asubui ilikuwa inamuambia. Yeye aliifunga kinywa.

Basi, mwenye kufungua amortisa ya mbele nyumbani, kabla ya kubeba mutu, afanye hivi:

Weka sanduku ao jiwe chini ya motere, gurudumu ya mbele ibaki hewani. Izungushe na mukono. Inapaswa kuzunguka yenyewe mara kadhaa bila kukwama. Kama ni nzito, legeza kamba ya freni kwanza, lakini kwa kujua tu, hapana kwa kuondoka. Kama sasa inazunguka vizuri, shida iko ku freni: angalia lile jino, angalia kama kamba haikuvutwa ao kupita vibaya.

Kama ingali nzito, legeza kidogo ekru ya akse, ile chuma yenye kupita katikati ya gurudumu. Ikiwa nyepesi ukilegeza, na nzito ukikaza, ujue umesahau bage moja ya pembeni, ao umeiweka upande usio wake, ao kile kifaa cha kamba ya konteri hakikukaa mahali pake. Usiseme «nitakaza nusu.» Fungua, panga upya.

Akse inapaswa kuingia kwa mukono. Kama inaomba nyundo, miguu miwili ya amortisa haiko sawa: moja imepanda kuliko ingine, ao imegeuka. Legeza bulo za juu, sawanisha, kisha jaribu tena. Ikiisha kuingia, kaza kidogo tu, shusha pikipiki, shika freni ya mbele na sukuma gido chini mara tano, sita. Miguu itajipanga yenyewe. Hapo sasa kaza akse huku umeshika freni, ili mufuniko ukae katikati ya tambur. Kisha malizia bulo za juu.

Mafuta ya amortisa yapimwe na bibero ya mutoto ao sirenge, kiasi kimoja kila muguu, kile chenye kuandikwa kwa pikipiki yako. Ukizidisha, joint itapasuka tena. Na kama mafuta iliingia mu tambur, hakuna freni hapo, hata uvute namna gani. Safisha tambur, na badilisha vile vipande viwili vya ndani.

Mwisho, jaribu peke yako, bila mutu nyuma, mahali pa sawa, polepole. Shika freni mara kumi. Kisha enda kidogo bila kushika freni, simama, karibisha mukono ku tambur. Ikiwa moto bila kufanya kazi, ingali inajisugua. Rudi nyumbani.

Kazi yote hiyo inaomba nusu saa. Shemeji yangu alikuwa na nusu saa. Kitu hakuwa nacho ni ruhusa. Mwenye pikipiki angeuliza: «Versema iko wapi?» Hapo njo shida ya kweli, na ni ile ile tunajua mu shimo: muti wa kushikilia udongo unalia, maji yanaanza kutona, na PDG anasema tuendelee mupaka jioni.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Wenye pikipiki: siku ya kutengeneza na kujaribu, versema isiombwe. Pikipiki moja kuvunjika inakula versema za mwezi muzima. Koperative na komite za carré: mununue sanduku moja ya funguo za muzuri, ikae mahali pa kujulikana, watu waache kukaza ekru na pince. Na wewe mwenye kupanda: uko na haki ya kuuliza, «Papa, hii gurudumu ulifungua lini? Uliijaribu?» Akikasirika, shuka. Kutembea kwa muguu mupaka ku carré kunachokesha, lakini unafika.

Shemeji yangu sasa, kila asubui, anapandisha gurudumu na kuizungusha kabla ya kunywa chai. Mukono wa yule mama umepona, lakini ndoo ya maji angali anaibeba na ule mwingine.