Gugu Karoti Limefika Karibu

Majani ya uani ni mengi, na mengi hayana ubaya. Lakini liko moja lisilofaa kuachwa, nalo ni gugu karoti. Asili yake ni Amerika. Hapa Tanzania lilitambuliwa huko Arusha mwaka 2010, na toka Arusha magari huja Babati na Katesh kila siku.

Mtalijuaje? Likiwa changa majani yake yafanana na ya karoti. Likikua hutoa maua madogo meupe. Mmea mmoja waweza kuzaa mbegu zaidi ya 10,000, nazo husafiri kwa matope ya magurudumu, kwato za ng'ombe na nyasi za kununua. Ng'ombe akilila, maziwa huwa machungu. Watu wengine wakiligusa huwashwa ngozi, wengine hubanwa kifua.

Basi, ling'oeni na mizizi yake kabla halijatoa maua, udongo ukiwa na unyevu. Vaeni glovu na nguo za mikono mirefu. Watoto wasitumwe kazi hii. Msilifyeke tu, maana huchipua tena. Lenye maua lisiburuzwe njiani: lianikwe papo hapo, kisha lichomwe. Dawa ya kunyunyiza msiinunue kwa kubahatisha. Muulizeni kwanza bwana shamba. Halafu pandeni nyasi nzuri hapo, kwa kuwa gugu hili hupenda ardhi tupu.

Tena mwambieni na jirani. Aliachaye likomae uani kwake ampandia mwenzake malishoni.