STAA ATUA DUBAI ANASIFIWA, MAMA WA MPANDA ANATUKANWA: HAPO HAKI IKO WAPI?

Magrupu ya Wasapu ya Mpanda wiki hii hayakulala. Kuna kipande cha video kinazunguka, kifupi tu, mama kakaa chini pembeni ya mkanda wa mizigo pale uwanja wa ndege wa Dubai. Mdogo yuko ziwani, mkubwa wa kama miaka mitatu kajilaza sakafuni, kiatu kimoja mguuni, analia mpaka sauti imekauka. Mbongo mwenzao aliyekuwa anasubiri begi lake akaona bora arekodi kuliko kumshika mtoto mkono.

Maneno yaliyofuata mnayajua. "Katavi mmetutia aibu." "Ushamba mzigo." "Watoto wa nini safari ya biashara?"

Haya, sasa rudi nyuma kidogo. Kuna staa mmoja wa Bongo, jina kapuni, naye alitua Dubai na wanawe wawili. Watoto wamevaa trakisuti za kufanana, miwani nyeusi, wanatembea kama wanakwenda kupokea tuzo. Akaandika kwamba kusafiri na watoto ni rahisi, wanawake waache visingizio. Malaiki kibao. Ambacho hakikuonekana kwenye picha ni dada wa kazi aliyebeba mdogo ndege nzima, mpiga picha, na kijana aliyekuja kuwapokea na gari. Watu watatu wazima kwa watoto wawili! Hata bibi wa Inyonga angefika anatabasamu.

Mama wa Mpanda aliianza safari stendi, siyo JNIA. Kutoka Mpanda hadi Dar kwa basi, kupitia Tabora, ni zaidi ya kilomita 1,000. Ndege ya Mpanda ipo, lakini nauli ya watu watatu ni mtaji wa vitenge. Kwa hiyo mtoto anayelia pale sakafuni hajalala vizuri siku mbili, na saa ya Dubai iko mbele ya yetu kwa saa moja. Kwanini asilie?

Na mdogo ananyonya. Wanaouliza kwanini hakumwacha nyumbani waseme basi nani angemnyonyesha.

Ni kweli kuna mahali alikosea, hilo lisifichwe. Pampasi zote na nguo za kubadilisha aliziweka kwenye begi kubwa lililokwenda tumboni mwa ndege. Ndiyo maana alikwama pale kwenye mkanda, mtoto kalowa, begi halijatoka. Uji wa mtoto aliumwaga kabla ya ukaguzi kwa kuogopa, wakati kwa kawaida maziwa na chakula cha mtoto huruhusiwa hata vikizidi ile mililita 100 ya watu wazima, ila useme mapema. Lakini angejuaje? Yule staa aliyefika kule mara kibao alichomfundisha ni rangi ya trakisuti.

Kumbe kuna mambo ya maana ya kuwaambia akina mama. Tangu 2023, Terminali 3 ya Dubai ina madirisha ya uhamiaji ya watoto wa miaka 4 hadi 12, mtoto anagonga mhuri pasipoti yake mwenyewe. Staa alipita palepale, akapiga picha, hakueleza ni nini. Kuna teksi zenye paa la pinki, madereva ni wanawake, kwa ajili ya wanawake na familia. Teksi ya uwanjani inaanza kuhesabu dirham 25, kwa hiyo usishtuke mita ikianza juu. Metro ni nafuu, ina behewa la wanawake na watoto, na mtoto chini ya miaka mitano hapandi kwa hela. Ila ina vituo Terminali 1 na 3 tu, ukishukia Terminali 2 huikuti, na usiku wa manane imefungwa. Mizigo nayo ni begi moja kubwa na moja dogo kwa abiria. Mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi, saa saba usiku, asidanganywe na mtu kuhusu metro. Achukue teksi mpaka Deira, alale, biashara kesho.

Maneno kama hayo yangechukua dakika moja ya video ya staa. Badala yake mashabiki wake walewale, waliompigia makofi, ndio wamehamia kumchamba mama wa watu.

Habari zilizofika Mpanda ni kwamba mama alifika Deira salama, kanunua mzigo wake na kaurudisha. Na kile kiatu kingine, kwa wale waliocheka, kilikuwa kwenye begi la mkononi la yule mama muda wote. Aliyerekodi mpaka leo hajaifuta video.