Macho ya babu yakigeuka manjano

MARA nyingi mtoto ndiye huona kwanza. Mjukuu amepakatwa na babu yake, anamkazia macho, kisha anauliza kwa sauti: "Babu, mbona macho yako ya njano?" Watu wazima wanacheka. Mmoja anasema ni uchovu, mwingine anasema ni ini, na wiki inayofuata mitishamba inaanza kuchemshwa.

Babu mwenyewe anajua zaidi, ila hasemi. Mkojo wake umekuwa kama chai ya rangi, choo kimepauka, na usiku anajikuna hadi ngozi inachubuka. Suruali zinampwaya. Wazee wengi hawapendi kuzungumzia choo mbele ya watoto wao, na hapo ndipo muda unapopotea. Mzazi, muulize. Ukiona aibu, mtume kaka mkubwa au shemeji anayetaniana naye.

Ini hutengeneza nyongo kila siku, kiasi cha nusu lita hadi lita moja. Nyongo hupita kwenye mrija mwembamba hadi kwenye utumbo mwembamba, ambako husaidia kusaga mafuta. Uvimbe wa saratani ukiota kwenye kichwa cha kongosho, kwenye mfuko wa nyongo au ndani ya mrija wenyewe, njia hubanwa. Nyongo ikikosa pa kwenda, rangi yake hurudi kwenye damu. Damu nayo huweza kuchelewa kuganda, kwa kuwa bila nyongo mwili hufyonza vitamini K kwa shida. Si kila manjano ni saratani. Mawe ya nyongo huziba mrija huohuo, na homa ya ini nayo hugeuza macho. Utrasaundi huanza kuonyesha tofauti.

Ikithibitika ni uvimbe, daktari anaweza kupendekeza stenti, yaani kibomba kidogo cha kushikilia mrija uwe wazi. Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi, kisha mpira mrefu wenye kamera hupitishwa mdomoni na tumboni hadi kwenye tundu ambako nyongo humwagikia. Kibomba husukumwa kuvuka sehemu iliyobanwa. Tumbo halipasuliwi. Njia hiyo ikishindikana, huweza kupitishwa kwenye ngozi na ini kwa sindano, na wengine hukaa kwa muda na mfuko wa nje wa kukusanyia nyongo.

Stenti ya plastiki ina upana wa milimita 3 hivi, na kwa kawaida huhitaji kubadilishwa baada ya miezi 3 hivi. Ya wavu wa chuma hutanuka hadi milimita 8 au 10 na hudumu zaidi, lakini bei yake ni kubwa. Familia hutakiwa kuchagua ikiwa imesimama koridoni, na wengi hutazama bei ya siku hiyo tu. Piga hesabu ya kurudi mara ya pili na ya tatu, pamoja na nauli na kitanda, kwa kuwa huduma hii ipo katika hospitali chache kubwa. Uliza pia kama uvimbe unaweza kuondolewa kwa upasuaji, maana anayekaribia kupasuliwa si lazima awekewe stenti kwanza.

Sasa lile gumu. Stenti haitibu saratani. Muwasho hupungua, hamu ya kula hurudi, na manjano hufifia polepole kwa wiki kadhaa. Kwa wengine hapo ndipo dawa za saratani zinapowezekana. Kwa wengine ni miezi ya kulala usiku bila kujikuna, na hilo si dogo. Lakini macho yakiwa meupe, watoto hupigiana simu: "Baba amepona." Baba naye huamini, na mambo ya shamba na ya wanawe ambayo angetaka kuyaweka sawa hubaki yalivyo. Ni haki yake kuulizwa kama anataka kuambiwa ukweli.

Hatari kubwa baada ya hapo ni stenti kuziba. Homa ya kutetemeka, maumivu chini ya mbavu za kulia, macho kurudi manjano: hayo ni maambukizi kwenye mrija, nayo huua haraka. Nyumba nyingi zikiona mtu anatetemeka husema malaria, hununua dawa dukani na kusubiri kukuche. Kwa mwenye stenti, hata kama ni homa peke yake, safari ni usiku huohuo. Malaria itapimwa hukohuko. Pale mapokezi tangulizeni hili: ana stenti ya nyongo.

Tarehe aliyowekewa, aina yake na siku ya kurudi viandikwe kwenye kalenda ya ukutani, maana kadi hupotea. Mjukuu naye aambiwe kwamba babu ana kibomba tumboni cha kupitishia nyongo, na akimwona anatetemeka, akamwamshe mama.