Mutoto mikononi mwa motari: nani anamulinda njiani?

Hapa Bule kama vile mjini Bunia, mbele ya saa moja ya asubuhi, moto moja inaweza kupita na watoto wane: mumoja mbele juu ya tanki, watatu nyuma, mifuko ya masomo mugongoni. Mama ameisha enda shambani ao sokoni, baba yuko kazini. Kwa zile dakika za njia, mulezi wa wale watoto ni motari.

Katika nchi zingine, wazazi wakizungumuzia usalama wa mutoto mwenye kubebwa na mutu mwingine, wanawaza gari, mukaba na kiti kidogo cha mutoto. Kwetu magari ni machache. Mutu mwenye kukabiziwa mutoto ni kijana wa moto, mara nyingi kwa mapatano ya mwezi: anamupeleka asubuhi, anamurudisha saa sita. Ni kazi ya kuchunga mutoto kabisa, lakini hakuna anayeiita hivyo.

Hatari yenyewe si ya kuwazia tu. Shirika la Afya Duniani (OMS), katika ripoti yake ya mwaka 2023, linasema ajali za barabarani zinaua watu karibu milioni 1 na elfu 190 kila mwaka. Kwa watu wa myaka 5 mpaka 29, hakuna kitu kingine kinachoua zaidi.

Mutoto mwenye kukaa juu ya tanki ndiye anaumia wa kwanza. Moto ikigonga, kifua na uso vinaenda juu ya gido, na uzito wote wa dereva unamukandamiza toka nyuma. Yule wa nyuma naye, kama miguu yake haifike pa kukanyagia, inaning’inia karibu na rayo za gurudumu na tiyo ya moshi yenye kuunguza. Kaske ya mukubwa kwa kichwa cha mutoto inazunguka tu, haimukingi. Halafu kuna usingizi: mutoto aliyeamushwa saa kumi na moja anaweza kusinzia njiani, na dereva hamuoni.

Sasa, kwa nini wazazi wanakubali? Hapa tusiwahukumu mbio. Usiku wa tarehe 1 kuamukia 2 Februari 2022, wapiganaji wa CODECO walishambulia kambi ya wahamaji ya Plaine Savo, karibu na Bule, na watu karibu 60 waliuawa. Mutu aliyepitia mambo kama yale hawezi kumuachilia mutoto wa myaka saba atembee peke yake. Familia nyingi za Djugu zimekimbia, na watoto wengine wanaishi kwa shangazi ao kwa bibi, mbali na masomo. Masomo ya musingi ni ya bure toka mwaka 2019, lakini njia ya kufika kule haiko ya bure.

Upande wa motari, hesabu pia ni kali. Wengi wanaendesha moto ya mutu mwingine, na kila jioni wanapashwa kumupa mwenyewe pesa ya versema. Mutoto analipa kidogo kuliko mukubwa. Basi ili asubuhi ilipe, anapakia wawili, watatu, wane. Kumukamata motari peke yake na kumutoza amande hakumalize tatizo, sababu kesho yake atabeba mumoja zaidi ili arudishe ile pesa.

Sheria ya Januari 2009 juu ya ulinzi wa mutoto inasema kila mutu asiyefikia myaka 18 ni mutoto, na kwamba kumulinda ni wajibu wa wazazi na wa serikali pia. Kanuni za barabara ziko toka mwaka 1978. Kinachopunguka ni mapatano ya kila siku, na yale yanaweza kuanza nyumbani.

Kwanza, mujue motari: jina lake, nyumba yake, namba ya simu na ya moto, na mupatane kwamba hatamupa mwenzake mutoto wenu. Pili, mupatane hesabu ya watoto. Familia mbili zikiongeza kidogo ili abebe wawili tu, inawagharimu kuliko leo, lakini ni bei ndogo kuliko ya mufupa uliovunjika. Tatu, mutoto asiketi mbele, na asiyefikisha miguu pa kukanyagia hajafika wakati wa kupanda moto peke yake. Nne, ajulikane mutu wa kumupokea kwenye mulango wa masomo. Kwa wenye gari: mutoto akae nyuma na mukaba, si kwa magoti ya mukubwa mbele, sababu gari ikigonga, hakuna mikono yenye nguvu ya kumushika.

Pale njia ni fupi, watoto wa avenue moja wanaweza kutembea kikundi na mukubwa mumoja, wazazi wakipokezana kila siku.

Shirika za wamotari, wakubwa wa masomo na polisi ya barabarani wanaweza kuketi pamoja na kuweka hesabu moja: watoto wangapi kwa moto moja? Mpaka sasa, ile hesabu inapangwa na motari peke yake, kila asubuhi, akiwaza versema ya jioni.